Picha ya sakafu ya nyonga: jinsi ya kujiandaa, kusukuma na kusoma majibu

"Ultrasaundi inasema niko sawa, lakini nikichuchumaa nyama inatokeza ukeni." "Nimeambiwa ninywe maji mengi kabla ya kipimo, ni kweli?" "Mkojo unanitoka nikicheka, nianze na MRI?" Maswali haya hayakatiki, yanatoka kwa wadada waliojifungua juzi na kwa mama zetu waliokoma hedhi miaka mingi iliyopita. Mwongozo huu ni wa wewe uliyeandikiwa picha, au unayefikiria kuiomba.

Jambo la kushika kabla ya yote: picha ya sakafu ya nyonga ni picha ya mwendo. Ultrasaundi nyingi hupigwa mwanamke akiwa amelala ametulia, kibofu kimejaa, kifaa kikipita juu ya tumbo. Hivyo ndivyo tunavyotazama mimba na uvimbe wa kizazi, na kwa kazi hiyo ni sawa kabisa. Lakini kizazi kinachoshuka hushuka ukikohoa, ukibeba ndoo, ukichuchumaa chooni. Ukilala chali umetulia, kinarudi juu na kujificha. Picha ya kukusaidia hupigwa kutoka chini, kwenye msamba, nawe ukiwa unasukuma. Wanawake wengi waliorudishwa nyumbani na neno "kawaida" hawakuwahi kupigwa picha hiyo.

Kidogo tu kuhusu mwili

Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake kuna kibofu mbele, kizazi katikati, na puru nyuma, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ichukulie kama kamba za kitanda: zikilegea, godoro linabonyea, zikichomoka kwenye mbao upande mmoja, huwezi kuzikaza tena kwa kuvuta upande wa pili tu. Uzazi wa njia ya kawaida, hasa mtoto akivutwa kwa koleo, ndio unaochomoa misuli hii mara nyingi. Umri, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha kila siku na uzito mkubwa huongeza mzigo.

Nani asianzie hapa

Kama mkojo unatiririka mchana na usiku bila kukoma, hata ukiwa umelala, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu au baada ya upasuaji wa uzazi, hiyo ni dalili ya fistula, yaani tundu lisilotakiwa kati ya njia ya mkojo na uke. Usimalize nauli kutafuta picha ya sakafu ya nyonga. Nenda hospitali inayotibu fistula: CCBRT kama uko Dar es Salaam, Bugando kama uko Mwanza, KCMC kama uko Moshi, Panzi kama uko Bukavu na Kivu Kusini. Mara nyingi fistula ya kibofu hugunduliwa kwa daktari kukutazama na kujaza kibofu maji yenye rangi ya buluu. Ulizia gharama kabla hujakata tamaa, maana hospitali nyingi za fistula hutibu bila malipo.

Nenda hospitali leo, bila kusubiri miadi, kama umeshindwa kabisa kukojoa, au kama una ganzi katikati ya mapaja pamoja na miguu kulegea. Homa na maumivu ya ubavuni pamoja na mkojo unaochoma pia ni jambo la leo. Damu ukeni baada ya kukoma hedhi inahitaji daktari ndani ya siku chache, na ina vipimo vyake vingine.

Na kama umejifungua wiki chache tu zilizopita, misuli bado inapona. Kwa kutazama kama imechomoka, kwa kawaida tunangoja miezi kama 3.

Vya kuandaa

- Daftari na kalamu, au simu yako.
- Jagi au kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Cha plastiki kinatosha, ila kisirudi jikoni.
- Kadi ya kliniki, au maelezo ya kila uzazi: njia ya kawaida au upasuaji, uzito wa mtoto, kama ulivutiwa mtoto, kama ulichanika na kushonwa.
- Karatasi za upasuaji wowote wa tumbo la chini au ukeni.
- Orodha ya dawa unazotumia, zikiwemo za presha.
- Khanga au kitenge, pedi mbili na nguo ya ndani ya kubadilisha.
- Ndugu au rafiki wa kike wa kukaa nawe chumbani, ukimtaka.

Hatua kwa hatua

1. Andika siku 3 za mkojo wako. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo inamsaidia daktari kuliko mashine nyingi. Chagua siku 3 za kawaida. Ukiwa kwenye swaumu, ngoja Ramadhani iishe kama hali yako si ya haraka, kwa sababu saa za kunywa zikibadilika daftari halitaonyesha maisha yako ya kila siku. Kila ukinywa, andika. Kila ukikojoa, pima na uandike. Kila mkojo ukikutoka, andika ulikuwa unafanya nini. Mfano:

Saa 12 asubuhi, nimekojoa 350. Saa 1, chai vikombe 2. Saa 3, nimenyanyua ndoo, mkojo umetoka kidogo, nguo ya ndani imelowa. Saa 4 na nusu, mkojo ulinibana ghafla, sikufika chooni, nilipopima ni 80 tu.

Tazama mistari miwili ya mwisho. Ule wa ndoo ni mkojo unaotoka kwa kushinikizwa. Ule wa mililita 80 ni kibofu kinachojikaza kabla ya wakati. Ni matatizo mawili yenye tiba tofauti, na mwanamke mmoja anaweza kuwa nayo yote. Picha peke yake haiwezi kuyatofautisha vizuri kama daftari hili.

Upande wa pili wa karatasi jibu kwa uwazi: Je, kuna kitu kinatokeza ukeni, na ni saa ngapi kinasumbua zaidi? Je, choo hakitoki mpaka ubonyeze kwa kidole ukeni au kwenye msamba? Je, hewa au choo vinakutoka bila kutaka? Je, tendo la ndoa lina maumivu? Ukiona haya kuyasema, mpe daktari karatasi ayasome mwenyewe. Habari ya kubonyeza kwa kidole hasa usiifiche, kwa sababu ndiyo inayoelekeza macho yetu kwenye ukuta wa nyuma wa uke.

2. Pima mkojo, kisha upimwe na daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta kubanwa na kuvuja, na kipimo chake ni cha bei ndogo. Baada ya hapo daktari wa wanawake akutazame ukiwa unakohoa na kusukuma. Kizazi kilichoshuka hutambuliwa kwa macho na mikono. Wanawake wengi hawahitaji picha yoyote kabla ya kuanza mazoezi ya kukaza sakafu ya nyonga au kuwekewa pesari, yaani kifaa laini kinachowekwa ukeni kushikilia viungo. Picha ina maana pale dalili na alichokiona daktari havilingani, pale upasuaji unapopangwa au uliopita umeshindwa, pale choo hakitoki vizuri, au pale msuli wa njia ya haja kubwa unapodhaniwa ulikatika wakati wa kujifungua.

Kabla hujatoka chumbani muulize: "Daktari, picha hii itajibu swali gani?" Jibu lake liandikwe kwenye fomu.

3. Soma fomu yako kabla ya kulipa. Ikiandikwa tu "ultrasaundi ya nyonga", utapigwa ya tumbo na kibofu kilichojaa, na utarudi na lile jibu la "kawaida". Omba iandikwe ultrasaundi ya msamba, ya transperineali, ukiwa umetulia, ukisukuma na ukibana. Kwa shida nyingi za mkojo na za kizazi kushuka, hii inatosha. Haina mionzi.

Kama shida yako ni choo kisichotoka, unaweza kuandikiwa kipimo cha kutoa haja, ama kwa MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ama kwa eksirei. Kwa MRI, jeli huwekwa ndani ya puru kwa mrija laini, kisha unaitoa ukiwa umelala ndani ya mashine wakati picha zinapigwa. Kwa eksirei, hutumika uji mzito wa bariamu nawe unakaa kwenye kiti maalumu. Hapa kuna mionzi, kwa hiyo sema kama kuna uwezekano wowote wa mimba. Kwa MRI, sema kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini. Na kama msuli wa njia ya haja kubwa ndio unaoshukiwa, kuna ultrasaundi inayoingizwa kidogo ndani ya njia hiyo.

4. Piga simu kituoni. Uliza maswali matatu: Je, mnapiga ultrasaundi ya msamba? Anayepiga amefunzwa? Mna mashine yenye picha za pande tatu? Hilo la tatu lina uzito kama mnatafuta misuli iliyochomoka. Kwa kuona kibofu, kizazi na puru vikishuka, mashine ya kawaida yenye kifaa kile kile cha mimba inatosha. Uliza pia kama yupo mtaalamu wa kike, na kama bima yako inakubalika.

Omba miadi ya mchana ukiweza. Baada ya saa nyingi za kusimama, kilichoshuka huonekana zaidi kuliko asubuhi.

5. Siku ya kipimo, toa vyote viwili. Nenda haja kubwa kabla ya kuondoka nyumbani. Puru iliyojaa inazuia kizazi kushuka na inaharibu picha. Ukifika, kojoa dakika chache kabla ya kuingia.

Tahadhari: usijaze maji kwa mazoea ya ultrasaundi ya mimba. Kibofu kilichojaa huficha kuporomoka kwa viungo vingine. Kama kituo kinataka kipimo cha ziada chenye mkojo kidogo, watakuambia wao. Kama unavaa pesari, sema mapema, kwa sababu lazima itolewe kabla ya picha.

6. Panda kitandani. Utalala chali, magoti yamekunjwa, visigino karibu na makalio, khanga juu ya mapaja. Kifaa huvikwa glavu safi au kondomu, hupakwa jeli, na kuwekwa nje, kati ya midomo ya uke. Hakiingii ndani. Kwa sababu hiyo hata msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanaume anaweza kupimwa bila hofu. Una haki ya kuona kifaa kikivikwa glavu mpya. Kama mpira wa glavu hukuletea mwasho au uvimbe, sema hapo.

Omba skrini igeuzwe uione. Utaona mfupa wa kinena wenye umbo la yai, kando yake mrija wa mkojo, kisha kibofu kama doa jeusi, kisha uke, na mwisho puru inayopinda kuelekea nyuma. Kwanza anayepiga picha atapima mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa.

7. Sukuma. Hapa ndipo kipimo kinapopona au kinapokufa. Vuta pumzi, ishikilie, kisha sukuma kwenda chini kama mtu anayetoa choo kigumu. Usiachie. Hesabu taratibu mpaka 6, kwa sababu viungo vinahitaji muda kufika vinapofika. Mtarudia kama mara 3, na ile iliyo bora ndiyo inayopimwa.

Makosa ya hapa ni yale yale kila siku. La kwanza, kusukuma kwa sekunde moja na kuacha. La pili, kujaza hewa mashavuni na kukaza shingo huku chini hakuna kilichosogea. La tatu ndilo baya zaidi: kubana misuli wakati unaambiwa usukume. Mwanamke hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anaogopa mkojo au hewa itatoka mbele ya mgeni, na mwili unajifunga wenyewe. Kwenye skrini tunaona tundu la misuli, yaani uwazi wa sakafu ya nyonga unaopitisha mrija wa mkojo, uke na puru, likipungua badala ya kupanuka, na kibofu kinabaki juu hata kama nyumbani kinatokeza nje.

Kwa hiyo weka pedi au kitambaa chini ya makalio, na ujue hivi: hewa ikitoka, itoke. Mkojo ukitoka, huo ndio ushahidi tunaoutafuta. Mpiga picha mwenye moyo hatashangaa. Kama kila ukisukuma unabana, mwambie akuonyeshe kwenye skrini, pumua, legeza mapaja, jaribu tena ukitazama. Wengi wanashika hapo hapo. Ikishindikana, omba upimwe ukiwa umesimama, mguu mmoja juu ya kigoda kidogo. Inawezekana, na kifaa ni kile kile.

8. Bana. Sasa kaza kama unayezuia hewa na mkojo kwa pamoja, bila kubana makalio wala kushika pumzi. Shingo ya kibofu inapaswa kupanda na kusogea mbele. Ikishuka, ujue unaposema "nafanya mazoezi" umekuwa ukisukuma chini siku zote. Ni faida kubwa kuliona jambo hili kwa macho yako, na ukirekebisha hapo kitandani umeondoka na tiba pamoja na picha.

9. Isome ripoti. Tafuta mambo haya:

- Mkojo uliobaki. Chini ya mililita 50 haileti wasiwasi. Ukipita 100, kipimo kinafaa kurudiwa. Ukipita 200, kibofu hakijitoi vizuri na daktari anatakiwa kutafuta sababu.
- Umbali kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena, wakati wa kusukuma. Kwa vigezo vinavyotumika sana, vilivyotokana na kazi ya Hans Peter Dietz na wenzake Australia, kibofu kilichoshuka milimita 10 au zaidi chini ya mfupa, na puru milimita 15 au zaidi chini yake, huhesabiwa kuwa vimeshuka kweli. Kizazi hakingoji mpaka kivuke mfupa: kikifika milimita 15 juu yake, tayari kinahesabiwa.
- Upana wa tundu la misuli ukisukuma. Ukifika sentimita za mraba 25, umepanuka kupita kawaida. Ukifika 40, umepanuka vibaya.
- Misuli: imeshika pande zote mbili, au imechomoka upande mmoja au miwili? Iliyochomoka huongeza uwezekano wa kiungo kushuka tena baada ya upasuaji, kwa hiyo daktari wa upasuaji lazima alijue hili kabla, si baada.

Kama ni MRI, mstari wa kupimia ni mwingine. Unatoka mfupa wa kinena hadi kiungo cha mwisho cha kifandugu. Kushuka chini yake hadi sentimita 3 ni kidogo, 3 hadi 6 ni kwa kati, zaidi ya 6 ni kukubwa. Usilinganishe namba za MRI na za ultrasaundi.

Ukishazisoma namba hizi, weka daftari lako kando yake. Wapo wanawake wengi waliozaa ambao viungo vimeshuka kidogo na hawana shida yoyote. Hao hawahitaji kutibiwa kwa sababu ya picha.

10. Rudi kwa daktari na mkae na mpango. Kwa mkojo wa kukohoa na kwa kizazi kilichoshuka kidogo, mazoezi ndiyo mwanzo, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia akiwepo. Mwongozo wa Uingereza unataka mikazo isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Wiki mbili hazitoshi kusema "yameshindikana".

Mambo yakienda kombo

*Ripoti inasema kawaida, nyama bado inatokeza.* Uliza mambo manne kwa mpangilio: ilipigwa msambani? Kibofu kilikuwa kitupu? Nilisukuma sekunde 6 bila kubana? Nilipimwa saa za mchana? "Hapana" hata moja inatosha kuomba kirudiwe. Wakati huo huo daktari akutazame umechuchumaa au umesimama.

*Mkojo uliobaki ni mwingi, lakini nyumbani sioni shida.* Foleni, choo kisichofungika na haraka humfanya mtu akojoe nusu. Rudi chooni, kaa vizuri bila kuchuchumaa hewani, subiri, kojoa tena, upimwe ndani ya dakika 10.

*Inauma kifaa kikigusa.* Sema "simama". Jeli iongezwe, shinikizo lipunguzwe. Maumivu makali ya msuli yenyewe ni dalili ya kuandikwa kwenye ripoti, kwa sababu misuli iliyokaza kupita kiasi haitibiwi kwa kuikaza zaidi.

*Aliyepo ni mwanaume na sijaridhika.* Omba miadi nyingine au mhudumu wa kike awepo chumbani. Hofu ikikukaza, kipimo chenyewe hakitakuwa na maana.

*Mkoani kwetu hakuna anayepiga picha hii.* Usikae ukingoja. Daftari, kipimo cha mkojo, mikono ya daktari, ultrasaundi ya kawaida ya kupima mkojo uliobaki, mazoezi na pesari vinaanza bila picha hiyo.

*Nimeambiwa picha inadai upasuaji haraka.* Kushuka kwa viungo kwa kawaida si dharura, isipokuwa mkojo umezuiwa, figo zinaumia au kiungo kilichotoka kina vidonda. Uliza kuhusu pesari, na kama unataka kuzaa tena lisemwe kabla ya kisu.

*Niliwekewa mkanda au wavu kwa sababu ya mkojo, sasa nina maumivu.* Wavu huu hauonekani vizuri kwenye CT wala eksirei, lakini kwenye ultrasaundi ya msamba huonekana wazi. Peleka karatasi ya upasuaji ule yenye tarehe na aina ya mkanda, umpe anayepiga picha kabla hajaanza, na umwonyeshe kwa kidole mahali panapouma.